Siku 85 za Shiffrin: Jeraha lilipona, kichwa kikagoma

KILA shabiki wa soka anamjua mchezaji wa aina hii. Aliumia goti, akafanyiwa upasuaji, akakaa nje miezi kadhaa, halafu daktari akamruhusu kurudi. Siku ya kwanza anaingia dakika ya 70, uwanja mzima unasimama kumpigia makofi. Anakimbia vizuri tu. Lakini mpira wa 50 kwa 50 ukija, anachelewa nusu hatua. Mguu upo, moyo haupo.

Jukwaani watu wanaanza kunung'unika. Mmoja anasema, “Huyu bado hajapona.” Mwingine anajibu, “Kapona bana, anaogopa tu.”

Wote wawili wanaweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja. Anayetaka kuelewa jambo hilo vizuri, leo tunamtoa kwenye nyasi kidogo na kumpeleka kwenye theluji, kwa mwanamke mmoja wa Marekani anayeitwa Mikaela Shiffrin. Huyu ni mteleza theluji aliyeshinda mbio nyingi kuliko binadamu mwingine yeyote katika historia ya mchezo huo. Msimu wa 2024/25 alikuwa amebakiza ushindi mmoja tu kufikisha 100.

Ushindi huo mmoja ulimchukua siku 85 tangu siku aliyoanguka. Na katika siku hizo, kidonda cha tumbo kilikuwa ndiyo sehemu rahisi.

LIGI YA THELUJI

Tuelewane kwanza kuhusu mchezo wenyewe, maana huku kwetu theluji tunaiona kileleni Kilimanjaro, na kwa mbali.

Wanapozungumzia Kombe la Dunia la kuteleza kwenye theluji, usifikirie lile la soka la kila baada ya miaka minne. Hili ni kama ligi. Linaanza Oktoba, linaisha Machi, na karibu kila wikiendi wanahamia mlima mwingine: leo Austria, wiki ijayo Finland, baadaye Marekani, Italia, Ufaransa. Ukishinda mbio moja unapata pointi 100, wa pili anapata 80, wa tatu 60. Mwisho wa msimu zinajumlishwa, bingwa anakabidhiwa tufe la kioo badala ya kombe.

Zipo aina nne kubwa za mbio. Mteremko wa kasi ndiyo wa vichaa, mtu anashuka mlima kwa mwendo unaoweza kupita kilomita 130 kwa saa, basi la mikoani halimgusi. Supa-ji inafuata kwa kasi. Halafu kuna slalomu kubwa, ambako milango imepangwa kwa umbali na mteleza anakata kona ndefu kwa kasi. Mwisho ni slalomu yenyewe, ambako nguzo ziko karibu karibu na mtu anazikwepa kushoto kulia kama winga anayepangua mabeki kumi mfululizo.

Slalomu na slalomu kubwa zina raundi mbili. Raundi ya kwanza wanashuka wote, wanabaki 30 bora. Raundi ya pili wanapanga kinyume: aliyeshika nafasi ya 30 anaanza, aliyeongoza anashuka wa mwisho kabisa. Muda wa raundi zote unajumlishwa, na tofauti kati ya mshindi na wa pili mara nyingi ni sehemu ndogo ya sekunde. Ukipepesa jicho umekosa.

Kwa hiyo anayeongoza anasubiri juu mlimani, peke yake, huku akijua wenzake 29 wameshamaliza kazi na macho yote yanamngoja yeye. Ni kama mpigaji wa penalti ya tano, ila yeye anapiga penalti hiyo kwa karibu dakika nzima, akiwa anashuka mlima.

BINTI WA MAREKODI

Shiffrin alizaliwa Machi 13, 1995, Vail, jimbo la Colorado, eneo ambalo mtoto anavaa vibao vya kutelezea kama wa kwetu anavyopiga mpira wa makaratasi. Desemba 2012, akiwa na miaka 17, alishinda mbio zake za kwanza za Kombe la Dunia huko Åre, Sweden. Februari 2014, akiwa na miaka 18, akabeba dhahabu ya Olimpiki ya slalomu kule Sochi. Miaka minne baadaye PyeongChang akaongeza dhahabu ya slalomu kubwa.

Kwa miaka mingi rekodi ya ushindi katika Kombe la Dunia ilikuwa ya Msweden Ingemar Stenmark, aliyeshinda mara 86 kabla ya kustaafu mwaka 1989. Watu waliiona ni ya kukaa milele. Machi 11, 2023, Shiffrin akaivunja kwa ushindi wa 87, tena Åre palepale alikoanzia.

Ukisoma namba hizo unaweza kudhani maisha yake yamekuwa asali tupu. Hapana. Februari 2020 alifiwa na baba yake, Jeff, kwa ajali ya nyumbani, katikati ya msimu. Akaacha mashindano, akaenda kuzika. Mwaka 2022 alikwenda Olimpiki ya Beijing dunia nzima ikimhesabia medali, akarudi mikono mitupu, na katika mbio tatu hakufika hata mwisho. Januari 2024 alianguka vibaya kwenye mteremko wa kasi pale Cortina d'Ampezzo, Italia, akaumia mguu wa kushoto na kukaa nje wiki sita hivi.

Shika hilo la Cortina, tutalirudia. Aliporudi Machi mwaka huohuo, mbio zake za kwanza alishinda. Hakuna aliyezungumzia hofu, hakuna aliyezungumzia kichwa. Ilionekana mwili ukipona, kazi imekwisha.

KILLINGTON, MLANGO WA 100

Msimu wa 2024/25 ulianza kwa moto. Novemba 16 alishinda slalomu ya Levi, Finland, ushindi wa 98. Wiki moja baadaye Gurgl, Austria, akashinda tena, wa 99. Na kituo kilichofuata kilikuwa Killington, jimbo la Vermont, Marekani.

Ungemwomba mwandishi wa filamu aandike mwisho mtamu, asingeandika tofauti. Vermont ndiko Shiffrin alikosoma shule ya michezo. Slalomu ya Killington ameshinda mara nyingi mpaka mlima ule umekuwa kama sebule yake. Maelfu ya mashabiki walijaa, wakiwamo watoto wenye mabango yenye namba 100. Ilikuwa kama mchezaji wa nyumbani amebakiza bao moja kuvunja rekodi, na mechi ipo kwa Mkapa.

Jumamosi, Novemba 30, slalomu kubwa. Raundi ya kwanza, Shiffrin anaongoza. Raundi ya pili, wenzake wote wanashuka, anabaki yeye. Anaanza vizuri. Mstari wa kumalizia unakaribia, watu wameshaanza kushangilia.

Halafu vibao vikapoteza mshiko. Akagonga mlango mmoja, akapinduka, akateleza akipitia mlango mwingine, akaishia kwenye nyavu za usalama. Uwanja ukanyamaza ghafla. Ni ule ukimya tunaoujua sisi, pale mchezaji anapolala chini na wenzake wanaanza kuita madaktari kwa mikono miwili.

Waliomfikia walikuta mfupa haujavunjika wala kano za goti hazijakatika. Tatizo lilikuwa ubavuni: kuna kitu chenye ncha kilikuwa kimemchoma tumboni na kuacha tundu refu. Akawekwa kwenye machela ya kuteleza, akashushwa. Njiani aliwapungia mkono mashabiki, nao wakampigia makofi.

Namba ikabaki 99.

UBAVU UNAVYOENDESHA MGUU

Shabiki wa kawaida akisikia kidonda cha ubavuni anaweza kusema, afadhali, angekatika kano ingekuwa miezi tisa. Ni kweli kwa upande mmoja. Lakini kwa mteleza theluji, misuli ya ubavuni ndiyo usukani.

Fikiria kona moja ya slalomu. Miguu inaelekea upande mmoja, kifua kinabaki kinatazama bondeni. Kinachoshikilia sehemu hizo mbili zisitengane ni misuli ya mshazari ya tumbo. Kila mlango unaikaza na kuilegeza. Mbio moja ina makumi ya milango, na mazoezi ya siku moja yana mamia. Misuli hiyohiyo inafanya kazi ukikohoa, ukicheka, ukigeuka kitandani, ukijaribu kuinuka kwenye kiti. Hupati pa kuipumzisha.

Desemba alilazimika kufanyiwa upasuaji kusafisha kidonda kile. Kidonda kirefu cha namna hiyo hakishonwi tu juu ukaondoka, lazima kipone kutoka ndani kuja nje, la sivyo uchafu unabaki chini ya ngozi na kuleta balaa jingine.

Na balaa hilo nyumbani kwao walikuwa wanalifahamu. Mchumba wake, Aleksander Aamodt Kilde wa Norway, naye ni bingwa wa mbio za kasi. Januari 13, 2024 alianguka Wengen, Uswisi, akateguka bega na kuchanika vibaya mguuni. Bega likaja kupata maambukizi, akarudi kwenye upasuaji, na msimu mzima wa 2024/25 ukampita akiwa anajiuguza. Kwa hiyo Desemba ile nyumba moja ilikuwa na mabingwa wawili, wote majeruhi, wote wakitazama mbio kwenye televisheni kama mimi na wewe.

Wenzake hawakumsubiri. Hiyo ndiyo roho ya ligi yoyote: ratiba haina huruma. Kila wikiendi pointi zinagawiwa, na aliyeko hospitali hapati hata moja.

Sisi Watanzania tunalijua hili kwa namna ya pekee, ingawa hatulisemi sana. Januari 1, 2020, mshambuliaji Wesley wa Aston Villa aliumia goti kwenye mechi dhidi ya Burnley, msimu wake ukaishia hapo. Villa wakaingia sokoni kutafuta straika, na kabla mwezi haujaisha wakamsajili Mbwana Samatta kutoka Genk. Tukashangilia Mtanzania wa kwanza Ligi Kuu England. Februari 1 akafunga dhidi ya Bournemouth, Machi 1 akafunga kwa kichwa Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Furaha ile ilikuwa ya haki kabisa. Lakini ilianzia kwenye goti la mtu mwingine, aliyekaa nje zaidi ya mwaka mmoja akitazama nafasi yake ikichezwa.

KURUDI NI KITU KIMOJA

Januari 30, 2025, siku 61 baada ya ajali, Shiffrin alirudi. Ilikuwa slalomu ya usiku huko Courchevel, Ufaransa. Alimaliza wa kumi.

Kwa mtu mwingine, kushika nafasi ya kumi duniani miezi miwili tu baada ya kuchomwa tumboni ni sherehe. Kwa Shiffrin ilikuwa kama kumwona fundi wa mabao akimaliza mechi na shuti moja lililolenga goli. Watu wakasema, mpeni muda, anatafuta ufiti.

Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo saa ya mbio haiwezi kulipima.

Kwenye slalomu ya kawaida alikuwa anajimudu. Nguzo ziko karibu, kasi ni ya chini kidogo, kazi ni ya miguu na midundo. Tatizo lilikuwa slalomu kubwa, mbio zilezile alizoangukia Killington. Huko kasi ni kubwa, na ili ushinde lazima ulalie kona kwa ujasiri, ukiamini kwamba vibao vitashika. Yeye mwili ulikuwa unakataa kuamini. Akifika mahali pa kukaza, anajikuta amelegeza. Anajua cha kufanya, amekifanya maelfu ya mara, lakini amri inatoka kichwani na haifiki miguuni.

Mwenyewe hakuficha. Alisema wazi kwamba anapambana na mshtuko unaobaki akilini baada ya ajali, ule ambao madaktari wanaukuta pia kwa wanajeshi waliotoka vitani na kwa manusura wa ajali za barabarani. Alikuwa anafanya kazi na mwanasaikolojia kama anavyofanya kazi na kocha wa viungo. Na hapo ndipo ile ajali ya Cortina inaporudi. Kichwa kilikuwa hakijafuta ya kwanza, ikaja ya pili. Mwili unahesabu majeraha moja moja, akili inayajumlisha.

Februari yalikuja mashindano ya ubingwa wa dunia, Saalbach, Austria. Haya ndiyo makubwa kuliko yote nje ya Olimpiki, na kwenye slalomu kubwa Shiffrin ndiye alikuwa bingwa mtetezi, dhahabu aliyoichukua Ufaransa mwaka 2023. Akatangaza kwamba hatashiriki mbio hizo. Hatatetea taji.

Hebu tulione hilo kwa macho yetu. Nahodha wa timu, mwenye rekodi zote, anasimama mbele ya waandishi kabla ya fainali na kusema: mguu ni mzima, daktari ameniruhusu, lakini kichwani siko tayari, msinipange. Vijiweni kwetu tungemsema mpaka Pasaka. Tungesema kaogopa, kalewa sifa, kachoka na mpira. Wangapi katika wachezaji wetu wangethubutu kulisema hilo hadharani? Ndo maana wengi hawasemi. Wanaingia uwanjani nusu nusu, wanaumia tena, halafu tunawaita mchezaji wa vioo.

DHAHABU YA WAWILI

Aliacha slalomu kubwa, lakini hakufunga mizigo kurudi nyumbani. Saalbach kulikuwa na shindano jipya katika ubingwa wa dunia kwa wanawake, la wawili wawili: mmoja wa timu anashuka mteremko wa kasi, mwenzake anashuka slalomu, muda unajumlishwa. Marekani wakampanga Shiffrin na Breezy Johnson.

Johnson naye ana yake. Aliikosa Olimpiki ya Beijing kwa sababu ya goti. Baadaye akafungiwa miezi 14 kwa kosa la kutopatikana mara tatu alipotakiwa kupimwa dawa za kuongeza nguvu, adhabu iliyomalizika Desemba 2024 tu. Alikuja Saalbach akiwa na hamu ya mtu aliyetoka kifungoni, na siku tatu kabla alikuwa ameshabeba dhahabu ya mteremko wa kasi.

Februari 11, Johnson akashuka na kuiacha timu nafasi ya nne. Ikabaki kazi ya Shiffrin. Safari hii hakuwa peke yake kule juu. Alikuwa na mtu chini anayemngoja, mtu ambaye medali yake ilikuwa mikononi mwake. Akashuka slalomu safi, wakapanda kutoka wa nne mpaka wa kwanza. Dhahabu.

Kwa Shiffrin ilikuwa medali ya 15 ya ubingwa wa dunia, akawa sawa na Mjerumani Christl Cranz, aliyekuwa akishikilia rekodi hiyo tangu miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Pili. Siku chache baadaye kwenye slalomu ya mtu mmoja mmoja akawa wa tano.

Tuseme ukweli, hapo ungefikiri tatizo limeisha. Dhahabu imepatikana, morali imerudi, sasa ni kumalizia tu. Lakini kupona hakuendi kwa mstari ulionyooka.

SESTRIERE: SIKU TATU, MAISHA MAWILI

Wikiendi iliyofuata ligi ilihamia Sestriere, Italia. Mbio tatu ndani ya siku tatu: Ijumaa na Jumamosi slalomu kubwa, Jumapili slalomu.

Shiffrin aliamua kurudi kwenye slalomu kubwa. Hakuwa anafukuzia medali, alikuwa anafukuzia woga wake. Ijumaa, Februari 21, akamaliza wa 25. Jumamosi ikawa mbaya zaidi, hakuingia hata 30 bora, kwa hiyo raundi ya pili hakuwamo. Mwanamke mwenye ushindi 99, bingwa wa Olimpiki wa mbio hizohizo, alifungasha vibao vyake mapema akaenda kuwatazama wenzake.

Hebu fikiria usiku ule wa Jumamosi. Ukitaka sababu ya kuacha msimu, unayo. Umeumia, umechomwa, umefanyiwa upasuaji, umesema hadharani kwamba unaogopa, umejaribu mara mbili na umeshindwa mara mbili mbele ya dunia. Na asubuhi kuna mbio nyingine.

Jumapili, Februari 23, alikwenda.

Raundi ya kwanza ya slalomu akaongoza, lakini kwa sehemu tisa tu za mia za sekunde mbele ya Zrinka Ljutić wa Croatia, binti aliyekuwa moto kuliko wote msimu ule. Ikaja raundi ya pili. Tena yeye wa mwisho. Tena wenzake wote wamemaliza. Tena anaongoza, tena anasubiri peke yake juu ya mlima, kama Killington.

Akashuka. Milango ikapita, mmoja baada ya mwingine, hakuna kilichoteleza. Saa iliposimama alikuwa amemwacha Ljutić kwa sekunde 0.61, na Mmarekani mwenzake Paula Moltzan alikuwa wa tatu.

Mia moja.

Hakuruka, hakukimbilia kibendera. Aliinama kwenye theluji pale mwisho wa mbio akalia, wenzake wakaja kumkumbatia. Hajatokea mwingine, mwanaume wala mwanamke, aliyefika namba hiyo kwenye mchezo huo. Siku hiyohiyo alifikisha mara 155 za kupanda jukwaa la washindi watatu wa kwanza, sawa na Stenmark. Mwezi mmoja baadaye, Sun Valley, Marekani, akaongeza wa 101.

MLIMA HAUNA MJOMBA

Isije ikaonekana kama hadithi ya sungura kwamba mwisho wa mateso lazima uwe dhahabu. Katika mchezo huohuo, Petra Vlhová wa Slovakia, mpinzani mkubwa wa Shiffrin kwa miaka, alikatika kano ya goti Januari 20, 2024, mbele ya mashabiki wa nyumbani kwao Jasná. Msimu wote uliofuata hakuonekana. Mwitalia Federica Brignone, aliyechukua dhahabu ya slalomu kubwa Saalbach na tufe la ubingwa wa jumla msimu huo wa 2024/25, alivunjika mguu vibaya mwanzoni mwa Aprili 2025, kwenye mashindano ya taifa lake, siku chache tu baada ya msimu mkubwa kufungwa. Bora wa dunia, na wiki iyo hiyo yuko hospitali.

Na kwa damu ya huku kwetu yupo Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi, akakulia Austria, na mwaka 2018 akaipeperusha bendera ya Kenya kwenye Olimpiki ya PyeongChang katika mbio hizi za milimani. Yeye vikwazo vyake havikuwa vya goti peke yake, vilikuwa pia vya mfuko. Timu kubwa ikipata majeruhi ina daktari, mtaalamu wa viungo, mwanasaikolojia na fundi wa vibao. Anayetoka taifa lisilo na theluji anahesabu kwanza nauli. Shiffrin ana kipaji na ana roho ngumu, lakini pia alikuwa na watu wa kumrudisha. Tusilisahau hilo tunapomsifia.

TUNACHOWEZA KUKIBEBA

Oktoba 14, 2006, kipa Petr Čech wa Chelsea alivunjika fuvu kwenye mechi dhidi ya Reading. Januari mwaka uliofuata alirudi golini, kichwani akiwa na kofia laini ya kujikinga. Akaendelea kuivaa mpaka alipostaafu mwaka 2019, miaka zaidi ya 12. Fuvu lilikuwa limepona zamani. Kofia ile ilikuwa inalinda mfupa, lakini naamini ilikuwa inalinda na kitu kingine pia, na hakuna aliyemcheka. Tuliizoea mpaka ikawa sura yake.

Shiffrin hakuwa na kofia ya kuvaa. Silaha yake ilikuwa kulitaja tatizo kwa jina lake, kuacha mbio ambazo hakuwa tayari nazo, kukubali kubebwa na mwenzake pale Saalbach, na kurudi Jumapili baada ya kuaibika Jumamosi.

Klabu zetu zina madaktari wa magoti na vifundo vya miguu. Mchezaji akianguka wanakimbia na dawa ya kupuliza na barafu, akipimwa tunaambiwa atakaa nje wiki sita, tunaandika wiki sita. Wiki ya saba tunamtaka awe yuleyule wa zamani. Hakuna anayeuliza ile picha ya siku aliyoumia inamjia mara ngapi akifumba macho.

Kwa hiyo wikiendi hii, nyota wako akirudi kutoka kwenye majeruhi na akachelewa ile nusu hatua kwenye mpira wa 50 kwa 50, kabla hujamwita muoga mkumbuke yule mama wa ushindi 99 aliyeshindwa kuingia 30 bora Jumamosi.

Halafu mpe mpaka Jumapili.